Kuchoma Harusi ya Bunda

Mlangoni kwangu, hapa Nyasho, Musoma mjini, kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe: TUNACHAPA BARUA, TUNATOA PICHA, TUNACHOMA CD NA DVD. Barua nachapa. Picha natoa, wino ukiwepo. CD nilikuwaga nachoma sana, enzi zile kila kwaya ilipotaka nyimbo zake ziende mikononi mwa watu. DVD sikuwahi kuletewa hata moja. Na kwa kuwa hakuna aliyeleta, hakuna aliyegundua, nikiwemo mimi mwenye kibao.

Kazi hii naipenda kwa sababu haitaki viatu. Kutoka kitandani mpaka ofisini ni kuvuka pazia. Mke wangu anasemaga siku nikifa wanizike hapo hapo sebuleni, maana safari ya makaburini nitaikataa. Namwambia azibe mdomo. Halafu nakaa nikifikiri, naona hajakosea sana.

Sasa, mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu, aliolewa Bunda. Ndoa ya kanisani, pete, keki, kila kitu. Mama hakuwepo.

Mama yetu anakaa Butiama, kijijini, kwenye boma aliloliacha marehemu baba. Mambo mengi ya zamani ameyaacha kama wenzake, lakini moja amelishika kwa mikono miwili: mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani usoni, mpaka siku wakubwa wakae na kusema sasa basi. Siku hizi watu wanachekaga tu. Akina mama wenzake wanakula meza moja na wakwe zao na kugombania finyango. Mama yetu hapana. Padre alijaribu kumwambia kwa upole kwamba kanisa si chumba. Mama akamuuliza kama lina paa. Padre akasema lina paa. Mama akauliza kama lina mlango. Basi, yakaishia hapo. Shangazi akaenda Bunda kusimama mahali pake, yeye akabaki nyumbani anachambua maharage.

Yale maharage ndiyo yaliyoleta maneno. Katibu wa jumuiya yao, mama mmoja jirani, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alianza kusema kwamba hajaona mama mzazi akichambua maharage siku ya harusi ya bintiye. Mtoto yule, akasema, amechukuliwa tu, hakuna padre wala pete. Maneno yakatembea. Yakafika kisimani, yakafika sokoni, mwisho yakamfikia mwenyewe.

Mama akanipigia simu Jumapili. Hakulia wala hakulalamika. Alisema Jumamosi jumuiya inasali kwake, zamu imemwangukia.

"Nataka hiyo harusi iwe kwenye TV yangu," akasema. "Wamwone padre, waione na pete. Na mimi nimwone mwanangu."

Video nzima ya harusi nilikuwa nayo kwenye kompyuta, mpiga video alinipa. Tatizo ni deki ya mama. Ni deki ya zamani, tundu lake la flashi wajukuu walikwisha kulilisha kijiti cha kiberiti, na sasa inakula CD na DVD tu. Mke wangu akashauri tununue deki nyingine. Hapo ningenyamaza tu. Lakini nikamwonyesha kibao changu cha mlangoni, nikamwambia mtu hanunui maji wakati anakaa ziwani.

Jumatatu asubuhi nikachukua DVD tupu, nikaiweka kwenye trei, nikasukuma. Kompyuta ikanguruma, ikawasha taa yake ndogo ya kijani, ikazima. Ikaniandikia niweke disc. Nikaitoa, nikaitazama, nikairudisha. Weka disc. Nikaigeuza, ingawa najua upande wa kuandika ni upi, maana mtu akianza kuhangaika anajaribu hata upumbavu. Weka disc. Nikaweka DVD ya sinema ya zamani: ikacheza vizuri kabisa, watu wakapigana. Nikarudisha ile tupu: weka disc.

Kwa hiyo draivu ilikuwa inaona. Ilichokataa ni kuona kitu kitupu.

Nilichofanya siku tatu zile nikikieleza chote mtanionea huruma, na huruma siitaki. Nilijua jicho la draivu limeingia vumbi, nikafungua boksi, nikalifuta kwa pamba yenye spiriti, taratibu kama namfuta mtoto mchanga. Weka disc. Nikafikiri ni waya, nikachomoa waya zote na kuzirudisha, na mojawapo nikairudisha siko, kompyuta ikagoma hata kuwaka, nikatoka jasho mpaka nikagundua. Nikaifuta draivu kwenye mfumo ili kompyuta iitambue upya. Ikaitambua, ikanikaribisha, ikaniambia niweke disc. Nikaenda sokoni kununua DVD za jina jingine, mimi mwenyewe, na viatu. Nikarudi. Ni yale yale.

Kukaa sikuweza. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka uani, nikifika uani narudi mbio kuona kama ile taa imewaka. Wateja wawili walikuja na barua zao nikawaambia waje kesho. Mke wangu alinitazama jinsi ninavyozunguka akaniuliza kama natafuta pa kutagia.

Na mama alipiga kila jioni. Kwa kuwa nilimwambia naichoma, alikuwa anauliza kama imeshaiva.

"Bado kidogo, mama."

"Moto mdogo?"

"Moto upo. Sufuria ndiyo inasumbua."

Jumatano nikashindwa, nikampigia shemeji. Huyu ndiye bwana harusi mwenyewe. Anafanya kazi kwenye ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, anakaa na kompyuta kutwa nzima. Sikutaka kumpigia kwa sababu shemeji akipata neno la kukuchekea, anakula nalo mwaka mzima. Nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kunikatiza, na hiyo ndiyo dalili mbaya.

"Shemeji," akasema mwishowe, "hiyo mashine imefanana na mwenyewe. Kitu ilichokizoea inakipenda. Ukiiletea kipya inajifanya haijakiona."

Nikamwambia nimempigia anisaidie, sikumpigia aniseme. Akasema niibebe niipeleke Bunda, kwa simu hawezi kuona. Nikamwuliza kwa nini asije yeye Musoma. Akajibu kwamba akija yeye, harusi yake mwenyewe itakuwa imemtoa jasho mara mbili.

Alhamisi nikalifunga boksi la kompyuta ndani ya shuka, nikalipakata kwenye basi mpaka Bunda. Konda aliniuliza kama nahama nyumba. Nikamwambia nyumba ndiyo imenihama.

Mdogo wangu alinipokea na ugali na sato wa mchuzi. Shemeji alikuwa ametoka kazini, tukakaa tunakula huku boksi limewekwa kwenye stuli mbele yetu kama mgonjwa. Shemeji alikuwa na mawazo matatu kuhusu ugonjwa wake, mimi nilikuwa na manne, tukaanza kubishana. Yeye alisema taa ya kuandikia imechoka. Mimi nikasema ni DVD za siku hizi, zimechakachuliwa. Mdogo wangu alichukua kitambaa kibichi akaanza kulifuta boksi vumbi, kwa sababu hataki vumbi la Nyasho kwenye nyumba yake.

Kwenye mlango wa ile draivu mimi nilikuwa nimebandika stika. Ilikuwa stika ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nilipewa mnadani, ina picha ya dume jekundu. Niliibandika miaka mingi iliyopita kuficha mkwaruzo. Kitambaa kikawa kinanasa kwenye kona yake, mdogo wangu akaibandua.

"Kaka," akasema, "hapa pameandikwa CD ni ya kusoma na kuandika. Ila kwenye DVD pameandikwa ya kusoma tu."

Shemeji aliweka tonge chini. Nikainama kutazama. Alama ndogo mbili, zimechongwa kwenye plastiki tangu kiwandani, na dume langu lilikuwa limezikalia miaka yote. Draivu haikuwa mgonjwa. DVD inasoma tu, kuchoma inachoma CD, basi. Nilikuwa nimeifuta jicho, nimeivunja mifupa na kuiunga, nimeitukana, na yenyewe ilikuwa imeandikwa usoni kwamba kazi hiyo haijui.

Shemeji alicheka mpaka akatoka nje akachekea huko. Aliporudi aliniuliza kibao changu cha mlangoni nacho kina dume la kuficha nini.

Lakini harusi ikawa bado haijachomeka, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Shemeji ndiye aliyekumbuka kwamba deki za zamani zinacheza pia video iliyochomwa kwenye CD ya kawaida, picha inakuwa hafifu kidogo lakini watu wanaonekana. Ubaya wake, CD moja inabeba saa moja na kidogo tu. Harusi ilikuwa ndefu kama Kwaresima. Tukazunguka Bunda tukitafuta CD tupu, kila duka wanatutazama kama tunaulizia taa ya chemli. Tukazipata mbili kwa fundi mmoja anayerekodi kwaya karibu na stendi.

Ya kwanza niliiharibu mimi. Draivu iliitambua mara moja, ikaanza kuchoma, na mimi badala ya kukaa nikawa nainamia kila dakika kusikiliza kama inachoma kweli. Nikaegemea stuli. Stuli ikayumba, mkono wangu ukashika kitufe, trei ikafunguka katikati ya kazi. Kutoka hapo shemeji akanikalisha kwenye kochi, kule mbali, na mdogo wangu akakaa karibu yangu kama askari.

Ikabaki moja. Kwa hiyo ikabidi tukate harusi iingie kwenye saa moja. Tulikata mimi na shemeji. Hotuba yangu ya kaka wa bibi harusi ndiyo iliyotangulia kukatwa, na sikuona shemeji akiumia. Wakafuata washereheshaji na wageni wanaotambulishwa. Halafu tukafika kwenye mdogo wangu anavalishwa, akina mama wanamwimbia, anatolewa ndani na kanga zinatandikwa chini.

"Hiyo acheni," mdogo wangu akasema. "Mama atataka kuniona ninavyotoka."

Tukamwambia kinachobishaniwa Butiama ni padre na pete, si gauni. Tukakata. Tukabakiza kanisa lote, pete, na keki. Tulijiona watu wa maana sana.

Ijumaa nikaliacha boksi Bunda, nikapanda gari mpaka Kiabakari, nikachukua bodaboda mpaka kwa mama. CD nilikuwa nimeiweka ndani ya shati, nikaishika kifuani njia nzima.

Mama alikuwa ameshajiandaa. Ameazima viti na mabenchi, ameifunika TV na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Alinipokea, akaniuliza habari za watoto, akaniwekea ugali wa muhogo, lakini macho yake yako kwenye shati langu. Sikula. Nikaitoa CD, nikaiingiza kwenye deki. Deki ikazunguka, ikafikiri. Nilisimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ikakubali.

Picha ya kwanza kabisa, uso mzima, alikuwa shemeji. Amesimama mbele ya altare anamsubiri bibi harusi, anafuta jasho.

Mama aliinuka. Hakupiga kelele. Alijifunika kanga mpaka usoni, akapita nyuma yangu, akatoka nje. Nikadhani amekumbuka mboga motoni. Kisha nikasikia sauti yake kutoka ukutani, upande wa nje.

"Ametoka?"

"Nani, mama?"

"Huyo."

Nikasema mama, ni picha tu, mwenyewe yuko Bunda.

"Ana macho?"

"Ana macho, ndiyo."

"Na hapo sebuleni pana paa?"

Nikazima TV. Nilikaa kwenye benchi la kuazima nikaona aibu ikipanda kutoka magotini. Mila ile naijua tangu nazaliwa. Kwa sababu yake mama hakwenda harusini, na kwa sababu hakwenda ndiyo tunahangaika. Na watu wazima wawili, tumekaa usiku mzima tunachagua vipande, tumekata kila mahali ambapo mdogo wangu yuko peke yake na akina mama, tukabakiza kila mahali alipo bwana harusi.

Nikampigia shemeji. Safari hii hakucheka.

"Kwa hiyo umenipeleka nikakae sebuleni kwa mama mkwe," akasema polepole.

"Tumekupeleka wote wawili."

"Na ile ya keki imo?"

"Imo."

"Nimefungua mdomo?"

"Umefungua wote."

Mkwe kuonekana na mama mkwe akila, hiyo ndiyo aibu ya aibu. Kwa nyuma nikamsikia mdogo wangu akisema, si niliwaambia. Nikamuuliza shemeji kama anaweza kuchoma nyingine. Akasema CD Bunda zimekwisha, na hata ikipatikana, Jumamosi asubuhi haitafika. Usiku ule sikulala vizuri, na mama nilimsikia naye akijigeuza. Asubuhi nikamwambia tuache, nitawaambia akina mama deki imekufa. Akanitazama.

"Ukisema deki imekufa, Katibu atasema harusi ndiyo haikuzaliwa," akasema. "Waonyeshe. Mimi nitakaa nje, nitasikia. Sauti haina macho."

Jumuiya ikasali, rozari nzima, na maombi ya mvua, na ya wagonjwa. Ikaja chai na viazi vitamu. Mama akatoa kigoda chake nje, akakiweka chini ya dirisha la sebule, akaketi, dirisha kaligeuzia mgongo. Akina mama wakajazana kwenye mabenchi. Katibu alikaa mbele, mikono ameikunja, kama hakimu. Nikawasha.

Padre akatokea, wakamtambua, wakaanza kunong'onezana. Nilimwona mama kupitia dirishani: anakaa, anainuka, anakaa tena, anajifunga kanga upya wakati haijalegea.

"Padre yupo?" akauliza, bila kugeuka.

Nikafungua mdomo nimjibu, lakini Katibu akanitangulia, kwa ile sauti yake.

"Yupo. Kavaa lile joho la sikukuu."

"Na mtoto?"

"Anaingia sasa hivi. Shangazi yake kamshika. Aisee, kapendeza." Katibu alikuwa amekwisha kuikunjua mikono yake. "Analia, dada. Kajikaza lakini analia."

"Analia vipi?"

"Kama mtu aliyemkosa mtu."

Sauti ya mdogo wangu ikasikika, ndogo, inaapa. Pete ikaja, Katibu akaitangaza, na kidole akakitaja, na baada ya hapo akageuka akawatazama wenzake mmoja mmoja, kana kwamba wao ndio waliokuwa wanabisha.

"Wameoana," akasema. "Mimi nimeona."

Halafu akamwita mama. Alisema njoo haraka, mtoto yuko peke yake. Mama akainuka, akafika mlangoni, na shemeji naye akaingia kwenye picha. Mama akarudi mbio. Mara nyingine tena: njoo, akaja, bega la shemeji likatokea, akarudi. Akina mama walianza kucheka, na mama mwenyewe kule nje akacheka kwa kukosa pumzi, lakini nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kanga, na sidhani yote yalikuwa machozi ya kucheka.

Nikachukua rimoti. Nikasubiri bibi harusi ageuke, ageuke vizuri, nikabonyeza. Picha ikasimama, inatikisika kidogo. Alikuwa ameinua shela, anatazama mlango wa kanisa kama vile anatafuta mtu. Ila pembeni, kushoto, alikuwepo shemeji, nusu ya uso na sikio.

Katibu aliona. Akainuka kwenye benchi, akaenda mpaka kwenye TV, akaweka kiganja chake juu ya kioo, akamfunika.

"Njoo, dada," akasema. "Nimemshika."

Mama aliingia taratibu, kanga ameishikilia shavuni, akapita katikati ya mabenchi wakimpisha. Akasimama mbele ya TV. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu mpaka nikaogopa deki itaizima picha yenyewe.

"Amekonda," akasema.

"Hakukonda, ni gauni hilo," Katibu akajibu. Mkono wake ulikuwa umeanza kuchoka, akaushikilia kwa mkono wa pili.

"Usiachie."

"Siachii."

Mama akavuta kigoda kingine kilichokuwa karibu, akakaa.